Geuza Shingo

Mwankoko, Jumapili jioni

Yunisi mwanangu,

Najua ni kichekesho kumwandikia barua mtu anayelala chumba cha pili, ambaye nasikia kabisa kitanda chake kinavyolia anapojigeuza. Lakini kwa mdomo tumeshindwana. Juzi nilianza kuongea vizuri, ukanyamaza, nikapandisha sauti, ukazidi kunyamaza, mwishowe jirani akaja kuuliza kama tumepata msiba. Kwa hiyo naandika. Nitaipitisha chini ya mlango wako, uisome kabla hatujatoka kwenda stesheni.

Sitakuandikia habari za vidonge. Vya asubuhi na vya mchana unavijua kuliko mimi, na kwamba ukishikwa na homa unaongeza dozi na kutafuta daktari, hilo uliambiwa wewe mwenyewe mbele yangu, ukaitikia. Sitakuandikia pia habari za chandarua, maji ya kuchemsha wala wavulana. Nina jambo moja tu nawe.

Juzi tukipepeta alizeti ulisema, macho yako kwenye ungo, "Mama, nimeona nibaki tu. Huko chuoni Tabora nani atatembea upande wangu?"

Hilo ndilo ninalolijibu. Na ili nilijibu lazima nirudi nyuma, tena nirudi hadi kwenye sifa ulizopewa ukiwa mdogo, maana balaa letu lilianza kama sifa.

Ukiwa darasa la nne, hapa kwetu mama aliyekuwa anamgombeza binti yake hakukosa kukutaja. "Mwangalie Yunisi alivyo mpole!" Ulitembea macho mbele, huangazi huku na huku kama wenzako. Ukiitwa kutoka pembeni hukurukia kuitikia. Ulisimama kwanza, ukageuka mwili mzima taratibu kama bibi harusi. Hukudaka mpira, hukukimbizana, hukuchungulia wageni. Ukiketi, umeketi. Shangazi yako Salome, dada mkubwa wa marehemu baba yako, ambaye ndiye anayeuongoza ukoo huu hata kama wanaume wanajidanganya vingine, alikuwa akileta wageni makusudi waje waone mtoto wa kike aliyelelewa akaleleka.

"Huyu hageuzi shingo ovyo," aliwaambia. "Mwanamke wa kugeuzageuza shingo ana kitu anakitafuta."

Nami nilivimba kichwa kwa sifa hizo. Cheka, nakuruhusu. Nilivimba kichwa mimi, kumbe chenye uvimbe ni chako.

Kitu kimoja tu kilitutia aibu, nacho ni mbuzi. Ulitoka nao wote asubuhi, ukarudi na nusu. Waliokwenda mbele yako uliwafikisha nyumbani salama. Waliochepuka kulia na kushoto kwenye yale mawe makubwa waliishia kwenye mtama wa watu, na wenye mtama walikuja hapa na maneno yao. Nilikuchapa. Shangazi akasema upole sasa umevuka mpaka, umekuwa uzembe. Mbuzi waliopotea walikuwa wa pembeni, siku zote wa pembeni, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyejiuliza kwa nini, nami nikiwemo, niliyekuwa karani wa mizani kwenye ushirika na kujiona mtu wa akili.

Ushirika wenyewe ndiyo wakati ule ulikuwa umetupunguza kazini. Wewe unakumbuka zaidi mambo yaliyofuata: maduka yakafunguliwa kila kona, sabuni za kila rangi, mabasi ya watu binafsi, na mitumba. Mitumba! Nilikwenda mnadani kutafuta shuka, nikakuta rundo la miwani iliyochanganywa na mikanda na sidiria. Nikasema, mwanangu huwa anajikwaa, labda haoni vizuri, hii ndiyo dawa. Nilikuchagulia moja ya pembe ya ng'ombe, au plastiki iliyofanana nayo, yenye kamnyororo ka kuning'inizia shingoni. Nadhani bibi mmoja wa Ulaya alifariki ikabaki mezani kwake. Uliivaa siku nyingi. Uligonga mlango, ukagonga mtungi, ukamgonga mchungaji wetu kanisani, na hukusema hata siku moja kwamba miwani ile inakuonyesha dunia kama iko ndani ya chupa. Mtoto mpole halalamiki. Nikaona tumeshatibu.

Kisha kikaja kichwa. Kilikuuma asubuhi kabla hujanywa hata uji, ukatapika, ukapata nafuu, ukaenda shule. Kesho yake hivyo hivyo. Ile zahanati ya mtu binafsi iliyofunguliwa karibu na soko ilikupa dawa za malaria, halafu za malaria sugu, halafu za taifodi. Sindano hukuzililia, manesi wakakusifu. Shangazi yako naye, kusikia kutapika asubuhi, akafunga safari. Alikuingiza chumbani akafunga mlango. Nilimsikia.

"Nitajie jina lake. Jina tu. Hatutamfanya kitu."

"Jina la nani, shangazi?"

"Usijitie hamnazo!"

Nikausukuma mlango. "Wifi," nikamwambia, "mtoto hajavunja ungo, hata kimo chake kimegoma tangu mwaka juzi. Hiyo mimba imeingilia wapi?"

Akanijibu kwa Kinyaturu maneno ambayo sitayaandika, maana karatasi hii ni safi. Lakini namshukuru kwa jambo moja. Nilipojisikia nikisema kwa sauti kwamba kimo chako kimegoma, nilishtuka. Nilikuwa nakiona kila siku na sikuwahi kukisema. Wenzako wa darasa moja walikuwa wanakupita mabega.

Aliyetufumbua macho ni daktari wa macho aliyekuja hospitali ya mkoa kwa muda. Hakuuliza mengi. Alikuambia uangalie pua yake, akanyoosha mikono kulia na kushoto, akachezesha vidole. Ukaangalia pua. Akasogeza vidole ndani kidogo. Ukaangalia pua. Alipofika karibu kabisa na masikio yake ndipo ukasema, "Naona vidole." Akaishusha mikono, akanigeukia mimi.

"Mama, huyu mtoto anaona mbele tu. Pembeni kote hana," akasema. "Na macho yake ni mazima. Kuna kitu ndani ya kichwa kinakandamiza mishipa ya macho pale inapokutana, huku nyuma ya pua."

Mbuzi wote walinirudia palepale. Kila fimbo niliyokuchapa nilijua ilikuwa ya mbuzi gani. Nilikuomba msamaha kwenye benchi la hospitali mbele za watu, ukasema, "Haidhuru, mama," kwa upole wako ule, na nikatamani ungenitukana.

Ya Dar es Salaam unayakumbuka kwa vipande, kwa hiyo nikuunganishie. Treni mpaka Manyoni, tukasubiri ile ya kutoka bara, tukashuka Dar tumejaa vumbi. Picha ya kichwa ilipigwa kwenye hospitali ya mtu binafsi, mashine kubwa ya kumlaza mtu ndani kama mkate kwenye tanuri. Upasuaji ulikuwa kwenye hospitali ya serikali. Daktari wa upasuaji alikuwa kijana, mwembamba, anaongea chini chini mpaka unamsogelea. Aliinua picha yako kwenye mwanga, akanionyesha kitu cheupe katikati, kama punje ya karanga iliyozidi ukubwa.

"Huu ni uvimbe, mama. Kwa bahati nzuri ni ule mpole."

Nikasema Bwana asifiwe. Nikaanza kufunga kanga kiunoni. "Basi tunaweza kurudi nyumbani?"

"Mama, nimesema mpole. Sikusema mwema."

Nikakaa chini. Mungu ambariki kijana yule, hakunicheka. Alinieleza kwamba uvimbe mkali hula ubongo na kuingia ndani yake, na uvimbe mpole hauli, unakua taratibu na kusukuma tu. "Lakini fuvu halina nafasi ya watu kusukumana," akasema. "Huu umekaa kati ya mishipa ya macho na tezi ndogo inayoamrisha mwili ukue. Ndiyo maana haoni pembeni na ndiyo maana harefuki. Hata usingizi wake, hata ule unyamavu unaosema anasifiwa, sehemu yake inawezekana ni huu huu. Tukiuacha kwa sababu ni mpole, atapofuka, na baadaye utamuua."

Yunisi, toka siku hiyo neno mpole likinifikia masikioni najisikia kama nimeguswa na nyoka. Tulikuwa tumekaa miaka tukiupigia makofi ugonjwa. Watu wazima, wenye akili zetu, tuliusifu mbele za wageni.

Wodini ndiko nilikojua kwamba uvimbe wa kichwa si mmoja. Kabla ya hapo nilidhani ni neno moja na mwisho mmoja. Unamkumbuka Mama Pili, yule mfanyabiashara wa Kilosa aliyelala kitanda cha mlangoni? Yeye alianza na kifafa ukubwani, kwao wakasema amerogwa na mshindani wake wa mchele. Wake uliota kwenye ngozi inayofunika ubongo, nje ya ubongo wenyewe. Waliubandua wote, akaamka anaulizia bei ya mchele. Daktari alimwambia wa aina yake ukitoka wote mara nyingi umetoka, ila arudi waangalie. Kulikuwa na katoto ka Mpwapwa kalikokuwa kakitembea kama mlevi; kenyewe uvimbe ulikuwa kisogoni, wakautoa na kukapeleka kwenye mionzi, kwa sababu aina ile huisikia mionzi vizuri. Na bibi mmoja wa kitanda cha pembeni, wake ulitoka titini ukapanda kichwani, na kwake madaktari walikuwa wanatafuta tu asiumwe.

Halafu kulikuwa na Mwalimu Tekla.

Wa Tekla ulitoka kwenye nyama yenyewe ya ubongo, na ulikuwa mkali. Daktari alimwambia wazi, maana aliulizwa wazi: ule hauna mpaka, umeingiliana na ubongo kama yale majani ya shambani ambayo ukiyang'oa unabaki umeshika ya juu tu. Watapunguza, watachoma kwa mionzi, lakini utarudi.

"Nina muda gani?" Tekla akamuuliza.

"Wengi wenye aina hii hawafiki mbali, mwalimu. Wewe kama wewe sijui."

"Basi kama hujui usinisemeshe kwa sauti ya matanga," akamwambia, na siku ile ile akaagiza aletewe madaftari ya wanafunzi wake asahihishe. Alikuwa mkorofi, Mungu amrehemu. Aligombana na manesi kuhusu chumvi kwenye mboga. Kichwa kilinyolewa, akapaka wanja na mafuta ya mdomo, akakaa kitandani kama anayesubiri kupigwa picha.

Wewe ulipasuliwa wiki hiyo. Kutwa nzima nilikaa kwenye ngazi na Tekla akikaa nami, anasahihisha. Daktari alipotoka alisema wameutoa sehemu kubwa, na kipande kimebaki kimeng'ang'ania mshipa, wangekivuta ungekufa mezani au ungepofuka. Tezi yako imeumia, kwa hiyo utameza vidonge maisha yako yote vya kufanya kazi yake. Kile kipande watakipeleka kwenye mionzi. Ulipoamka uliona kulia vizuri. Kushoto pakabaki giza, na mpaka leo ni giza. Hilo ndilo tulilopata, nami nililipokea kwa mikono miwili.

Na hapo ndipo Tekla alipokushika. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukulisha kwa kijiko kutoka upande wa kulia. Yeye alichukua chungwa, akaja upande wa kushoto bila kusema, akakurushia. Likakupiga shavuni. Nikainuka nimeghadhibika.

"Mwalimu! Mtoto katoka kupasuliwa kichwa!"

"Kichwa ndiyo, shingo wamemwachia," akasema. "Yunisi, geuza shingo!"

Mwanangu, ulikuwa umefundishwa toka mdogo kwamba msichana mwenye adabu hageuzi shingo. Ulinitazama mimi kwanza, kama unaomba ruhusa. Akarusha jingine, likakupiga tena. La tatu hukulidaka, lakini uligeuka ukaliona linakuja, na ukatukana. Ulitoa tusi, Yunisi, wewe, kwenye wodi ya wanawake, tusi ambalo mpaka leo sijui ulilisikia wapi. Wodi nzima ilicheka mpaka Mama Pili akashika bandeji yake. Ndiyo siku niliyoamini kwamba mwanangu amerudi. Siku zote za mionzi, nywele zinabaki kwenye mto, mchezo wenu ulikuwa huo huo. Geuza shingo. Geuza shingo. Tekla alikufa kabla ya sisi kurudi kwa kliniki iliyofuata. Tulikuta kitanda chake kina mtu mwingine. Ulilia, kisha ukasema kwenye treni, na kichwa umekigeuzia dirishani, kwamba utakuwa mwalimu.

Sasa nikuambie nilichofanya mimi baada ya hapo, maana hicho ndicho kinachonikera nafsi.

Nilirudi nawe Mwankoko nikawa jicho lako la kushoto. Kanisani nakaa kushoto. Sokoni natembea kushoto. Baiskeli ikija kutoka upande huo nakuvuta mkono kabla hujaisikia. Nilifanya vizuri mno, na ukaacha kugeuza shingo. Kwa nini uigeuze, na mama yupo? Shangazi alipoona umetulia tena, macho mbele, alisema, "Afadhali, upole wake umerudi." Nilitakiwa nipige kelele siku ile. Badala yake nilimkaribisha chai.

Na juzi uliposema utabaki, unajua moyo wangu ulifanya nini kabla ya kukasirika? Ulifurahi. Ulifurahi kabisa, kama mtoto aliyepewa pipi. Niliona nitazeeka nikitembea kushoto kwako na hakuna atakayeninyang'anya nafasi hiyo. Kelele zote nilizopiga baadaye nilikuwa najipigia mwenyewe.

Kwa hiyo nilikwenda jana kwa shangazi yako, wewe ukidhani nimekwenda kukamulisha mafuta. Nilikuta wamekaa, yeye na baba yako mkubwa, na jambo lenyewe ni wewe. Wamekwisha amua. Baba yako mkubwa akaanza kwa sauti ya mkutano.

"Shemeji, mtoto ana kichwa kibovu. Akianguka huko ugenini atazikwa na nani?"

"Atakayekuwa karibu," nikasema. "Na mimi nikifa hapa mtanizika ninyi, sijui kama hilo ni jambo la kujivunia."

Shangazi akaona twende polepole. "Wifi, hatukukatazi. Tunasema akae, awe mpole, afuge kuku. Ameponea chupuchupu, tusimjaribu Mungu. Na hata kuolewa, ataolewa na nani, hajavunja ungo na umri huu wote?"

Hapo nilisimama. Yunisi, sijawahi kusimama mbele ya wakwe zangu wakiwa wamekaa, tangu niolewe. Nikawaambia hivi, na nakuandikia yote ili ujue yalisemwa na hayawezi kurudi mdomoni. Nikasema kama hatazaa, hatazaa, na darasa zima la watoto litamwita mwalimu. Kama hataolewa, hataolewa, na mimi niliyeolewa mnajua nilivyofaidi. Nikasema nilimuuliza daktari safari iliyopita, mbele ya picha mpya, kile kipande kimefikia wapi. Akasema kimelala. Kinaweza kulala mpaka awe bibi, na kinaweza kuamka, na kikiamka tutapambana nacho tena kwa kisu au kwa mionzi. Nikamuuliza, daktari, akikaa nyumbani kitalala vizuri zaidi? Akasema hapana, mama. Hakina habari mtoto yuko wapi.

"Mmesikia?" nikawaambia. "Hakina habari. Sasa kwa nini sisi tumfungie mtoto kwa heshima ya kitu ambacho hata hakimjui?"

Baba yako mkubwa akakohoa. Shangazi akasema, "Umekuwa mkali."

"Ndiyo, wifi," nikasema. "Upole ulitutia hasara."

Sikumshinda, usidhani. Aliniambia nisimfuate utakapoletwa kwenye machela. Nikamuaga kwa heshima zote, nikatoka. Nilipofika kwenye lile jiwe la njia panda nikakaa, nikalia kidogo. Usiku akamtuma mtu alete kuku aliyekaangwa, wa safari yako. Hakutuma salamu yoyote. Kuku yuko kwenye kapu la kijani. Mle.

Sitaki ufikiri nakudanganya kwamba hakuna hatari. Ipo. Kule Tabora kuna siku utakanyaga mguu wa mtu aliyekaa kushoto na atakuita kipofu. Kuna siku utaishiwa nguvu darasani, na wenzako hawatajua la kufanya, kwa hiyo waambie mapema, usione haya. Mtu asiyejua hawezi kukusaidia. Kuna mwaka utakwenda kupiga picha na daktari atanyamaza kabla ya kuongea, na utakuwa peke yako kwenye kiti. Naogopa vyote hivyo. Naogopa hata sasa ninavyoandika. Lakini nimekwisha kukuona ukiishi kwa kuogopa, ukiwa umekaa vizuri, kila mtu anakusifu, na giza linakula pembeni kidogo kidogo. Sitakaa tena niangalie hilo. Bora unitukane.

Kuhusu swali lako, nani atatembea upande wako, jibu langu ni kwamba hakuna mtu. Sitakutafutia mtu. Kuna binti kutoka kijiji cha Kinyangiri anayekwenda chuo hicho hicho, mama yake aliniomba mtembee pamoja, nikamwambia mtembee kwa urafiki tu, asiambiwe ashike upande wowote. Ukitaka kumwambia, mwambie mwenyewe.

Kesho kutoka hapa mpaka stesheni nitatembea upande wako wa kulia. Nisamehe mapema, najua itakuwa ajabu. Kutakuwa na baiskeli na mikokoteni ya punda, nami nitauma ulimi. Nikikuona unachelewa kugeuka nitauma zaidi. Sitakuvuta mkono.

Ukipanda, kaa dirishani, jukwaa la stesheni liwe kushoto kwako. Sitapunga mkono mbele yako wala sitakimbia na behewa kama wale kina mama wengine. Nitasimama kwenye ule upande wenye giza, na kanga yangu nyekundu, na sitakuita hata treni ikianza kuondoka.

Ukitaka kuniona, geuza shingo.

Mama yako